Mlo wa Tatu wa Kogo

Nilipohamia kwa mdogo wangu Kipkoech, mtaa wa Glenwood mjini Durban, mwezi wa Mei, nyoka alikuwa na wiki kumi na moja hajala. Kipkoech mwenyewe alikula kwa shida, matonge matatu manne ya ugali, kisha anaisukuma sahani. Ni mimi niliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Niliona viumbe viwili ndani ya nyumba moja vinakataa chakula, nikajiambia kwamba mmoja akila na mwingine atakula. Kila alfajiri nililiweka jambo hilo mbele za Mungu hivyo hivyo, na muda wote huo nilikuwa nimekosea.

Nyoka alikuwa wa Fiona, mke wake. Alikuwa chatu wa aina ile ndogo itokayo Afrika Magharibi, mnene kama kifundo cha mkono wangu, wa kahawia, mwenye madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Fiona alifanya kazi katika maabara ya chuo na hakuogopa kitu. Alimwita Kogo, jina ambalo kwetu tunamwitia bibi mzaa baba au mama, kwa sababu, alisema, hulala mchana kutwa na akiamshwa huwatazama watu kana kwamba wamemkosea adabu. Mimi sikupenda. Mnyama hapewi jina la bibi. Lakini Fiona alikuwa na kicheko cha kumaliza ubishi.

Mwezi wa Februari Fiona aliumwa kichwa siku ya Jumatatu, akalazwa Jumanne, na Alhamisi hatukuwa naye tena. Tulimsafirisha tukamzika kwao. Kipkoech akarudi Durban kufundisha, na tangu aliporudi Kogo hakugusa chakula.

Kila jioni Kipkoech alimtoa kwenye kasha lake la kioo, akaketi naye mapajani mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Anaomboleza," aliniambia.

"Nyoka?"

"Wewe mtazame tu, dada."

Nilimtazama. Ulimi ulitoka, ukarudi. Sikuona maombolezo. Niliona macho yasiyo na kope.

Jaribio langu la kwanza naona haya kulieleza. Kwetu, nyoka akiingia nyumbani hapigwi. Mama mwenye nyumba humwagia maziwa kidogo sakafuni na kumfungulia njia, kwa maana huenda ni mmoja wa watu wetu waliotangulia amekuja kusalimu. Mimi nimeokoka miaka ishirini na sita na mambo hayo niliyaacha. Hata hivyo, asubuhi moja Kipkoech akiwa bafuni, nilichukua kisahani, nikamimina maziwa, nikafungua kifuniko cha kasha na kukitia ndani. Moyoni nilisema, Kogo, kama ni wewe, kula, mjukuu wako apone. Papo hapo nikatubu.

Kipkoech alikikuta kisahani. Alicheka hadi akashika ukuta. "Weuu! Jael wa Bwana! Wale wamama wa maombi wanajua haya?"

Nilifurahi kusikia kicheko chake kiasi kwamba sikujali kuchekwa.

Baada ya hapo nilitafuta mtu anayejua kazi. Nikaelekezwa kwa Mzee Yacoob wa Chatsworth, ambaye wazee wake waliletwa hapa kutoka pwani ya Afrika Mashariki karne nzima na zaidi iliyopita. Kiswahili chake amejifunza ukubwani, msikitini na kwa wateja wake Wakongo. Katika gereji yake hakuna gari. Kuna rafu za panya upande mmoja na nyoka upande wa pili, na katikati kiti kimoja cha plastiki anachokalia yeye.

"Maziwa?" alisema. "Eish, sister! Huyo si paka." Akaanza kunihesabia makosa kwa vidole. "Nani anamshika?"

"Ndugu yangu. Kila jioni."

"Basi ndiyo ugonjwa wake. Chatu akishikwa-shikwa hali. Anadhani kuna adui. Mumwache wiki mbili, asiguswe na mtu. Funika kioo kwa nguo. Mtilie sanduku la kujificha, dogo, limbane. Upande mmoja wa kasha uwe wa joto, huu mwezi ni wa baridi. Halafu huyu panya." Alinipa panya watatu waliogandishwa, wamefungwa kwa mfuko kama samaki. "Muweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka alainike. Kichwa chake ukipashe zaidi, hata kwa mashine ya kukaushia nywele. Nyoka anaona joto la kichwa. Mshike kwa koleo, mtikise kidogo, kama yuko hai. Akikataa, toa. Usimbembeleze."

Kipkoech alikubali kumwacha bila ubishi wowote. Nilidhani angenigombeza. Alifunika kasha kwa leso ya Fiona ya kujifunga, akakaa mikono mitupu mbele ya televisheni.

Baada ya wiki mbili, jua likiwa linazama, nilimsaidia kupasha kichwa cha panya kwa mashine yangu ya nywele. Jikoni kulinuka manyoya na maji moto. Alipomtikisa panya mbele ya sanduku, Kogo alitoa pua, akatulia. Kisha sikuona kilichotokea. Nilisikia tu kishindo kwenye kioo, na panya alikuwa amekwisha kuzungushwa mara tatu, na koleo lilikuwa tupu mkononi mwa Kipkoech.

"Haleluya!" nilipaza sauti.

"Shh. Usimshtue." Lakini alikuwa anatabasamu. Usiku ule alikula sahani nzima, akaongeza. Nikaingia chumbani nikapiga magoti nikalia kwa furaha.

Mlo wa pili ulikuja siku kumi na nne baadaye. Kati ya milo hiyo miwili Kipkoech alikuwa mtu mwingine. Alilala vizuri. Aliosha gari. Nguo za Fiona, ambazo nilikuwa sithubutu kuzitaja, alizikunja mwenyewe akanipa nizipeleke kanisani. Vitabu vyake mwenyewe aliwagawia wanafunzi. Koti lake zuri la baridi alimpa Mark, jirani yetu, na baridi ya Julai ilikuwa mlangoni. Nilipomuuliza atavaa nini alinijibu, "Sitahitaji, dada," kwa sauti ya upole kabisa.

Jumatano nilitoka kazini kwangu Pinetown, kwenye karakana ya mapazia, nikaenda moja kwa moja Albert Park, ghorofa ya kumi, kwa Mama Lyse, ambako tunafanya maombi. Mama Lyse ni wa Bukavu, na tangu mwanzo hakumtaka Kogo.

"Dada Jael, ile nyoka iko bado mu nyumba?"

"Yuko. Na amekula mara mbili."

"Aa, mimi niliomba ikufe! Basi Mungu amesikia wewe, mimi amenikatalia." Wote walicheka.

Nikasimama nikatoa ushuhuda. Nilisema ndugu yangu amepona. Nilisema moyo wake umefunguka, hata mali yake na koti lake la baridi anawapa watu, amekuwa kama waamini wa kwanza. Wamama wakapiga makofi. Mama Lyse hakupiga. Alipokuwa ananisindikiza kwenye lifti alinishika mkono.

"Ile koti, alikupa sababu gani?"

"Alisema hatalihitaji."

"Kwetu wakati wa vita, mutu akigawa vitu vyake tunamuuliza, unaenda wapi? Muulize, dada."

Nilikasirika. Nilimwambia si kila mtu ana vita moyoni. Aliniangalia mpaka milango ya lifti ikajifunga.

Siku ya Ijumaa nilikwenda Chatsworth kuchukua panya wengine. Mzee Yacoob alikuwa amekwisha kuandaa kasha tupu kwenye rafu, limefutwa, lina sanduku jipya na bakuli la maji.

"Hili la bibi yenu," alisema. "Akila mlo wa tatu tu, nakuja kumchukua. Nilimwambia professor, mimi sipokei nyoka mpaka ale mara tatu. Ndiyo kanuni yangu. Asije na ugonjwa akaniulia wengine."

"Kumchukua? Kipkoech anakuachia Kogo?"

"Hakukuambia? Alinipigia simu tangu Mei." Alikuna ndevu. "Alisema mwezi wa Julai ukiisha yeye hatakuwepo, na wewe unarudi Kenya. Nikajua mnahama."

"Mimi sirudi Kenya. Alisema anakwenda wapi?"

"Sikumuuliza, sister. Nilijua wewe unajua."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nimesimama kwenye robot ya pale juu, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, inageuka kijani, inageuka nyekundu, na watu wananipita. Nguo, vitabu, koti. Tangu Mei. Mimi ndiye niliyekwenda kumtafuta mtaalamu na kupasha kichwa cha panya. Mdogo wangu alikuwa amebakiwa na kazi moja tu duniani, kumlisha nyoka wa mkewe mpaka apate mtu wa kumpokea, na mimi nilikuwa namsaidia kuimaliza haraka.

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza jioni ile ile. Sisi tumelelewa hivi: kifo cha mtu aliye hai hakitajwi mbele yake. Ukikitaja umekipa kiti. Baba yetu aliugua miaka miwili na hakuna aliyelitamka neno lile hadi tulipomfunika. Niliogopa kwamba nikimuuliza, nitakuwa nimemfungulia mlango mimi mwenyewe.

Kwa hiyo niliamua Kogo asile.

Kazini tunatoka mapema, na Kipkoech hafiki kabla ya saa kumi na mbili. Jumatatu nilirudi saa kumi, nikafunga mlango, nikaondoa leso, nikatia mikono ndani ya kasha. Sikuwa nimewahi kumgusa. Nilitarajia ute, kumbe alikuwa mkavu, baridi, na chini ya ngozi kitu kizima kinakaza na kulegea kama moyo mrefu. Aliuzunguka mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Nilitembea naye sebuleni nusu saa, nikimgeuza, nikimfungua, nikimnyima utulivu, huku nikiomba. Bwana, mfunge kinywa. Miezi miwili nilikuwa nimeomba afunguliwe. Sikujua Mungu alilipokeaje ombi hilo jipya kutoka kwa mtu yule yule.

Jumanne nilifanya vile vile. Jumatano pia, na maombi ya Mama Lyse sikwenda.

Jumamosi ya kulisha ilipofika Kogo alimtazama panya, akarudisha kichwa ndani ya sanduku. Kipkoech alishikilia koleo mpaka mkono ukachoka.

"Ajabu," alisema. "Alikuwa ameanza vizuri."

"Labda ni baridi."

"Labda." Alifunika kasha taratibu. "Basi tungoje wiki mbili."

Wiki mbili! Nilizipokea kama mtu aliyepewa maji. Lakini hesabu ilikuwa ukutani, kwa maana sasa nilimwona kila siku akihesabu kimyakimya kwenye kalenda ya jikoni. Alirudi kusukuma sahani. Mimi niliendelea na kazi yangu ya saa kumi. Kogo alianza kunijua. Nikiondoa leso alijikunja mpira, kichwa katikati, akipuliza pumzi kama mtu anayezuia hasira. Uti wake ulianza kuonekana, ukingo mwembamba mgongoni kama paa la nyumba.

Jumamosi ya pili alikataa tena. Kipkoech akampigia simu Mzee Yacoob, naye akaja kesho yake. Alimpima kwenye mizani ya jikoni, akapitisha kidole gumba juu ya uti ule.

"Huyu anashikwa," alisema.

"Hakuna anayemshika," Kipkoech alijibu. "Tangu Mei sijamgusa."

Mzee Yacoob hakubishana. Alitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeikunja ndani ya sweta. "Basi sikilizeni wote wawili," alisema. "Huyu alikaa na njaa muda mrefu, akala kidogo, sasa njaa tena. Hana akiba. Asipokula safari ijayo, msiniite. Atakuwa amekwenda."

Alipoondoka Kipkoech aliketi karibu na kasha. "Akifa," alisema, si kwangu, "basi hapo pia itakuwa imekwisha."

Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Niliendelea kuosha kikombe kimoja kilichokwisha kuwa safi. Akila, anakwenda. Akifa, anakwenda. Nilikuwa nimejenga ukuta kwa mikono yangu, na sasa niliona kwamba maji yanapita pande zote mbili.

Wiki mbili zile za mwisho nilifunga na kuomba. Sikupata ndoto wala neno. Kila nilipopiga magoti nilisikia sauti ya Mama Lyse kwenye lifti, neno moja, muulize, nami nikasema, Bwana, lolote ila hilo. Na nilipoinuka nilikwenda kwenye kasha. Najua lilikuwa kosa. Niliendelea kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono.

Jumamosi ya tatu Kipkoech alikwenda chuoni asubuhi kusafisha ofisi yake. Alitoa panya kwenye friji kabla ya kuondoka, akamwacha kwenye bakuli alainike. Saa tisa nilimtoa Kogo. Alikuwa mwepesi. Nilimzungusha mkononi nikasimama dirishani, nikijua kwamba pengine leo namuua, na mlango ukafunguka.

Kipkoech alikuwa amebeba sanduku la karatasi, na juu yake kile kibao cha jina lake kilichokuwa kwenye mlango wa ofisi. Alinitazama. Alimtazama Kogo mkononi mwangu.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mlo wa pili."

Aliweka sanduku chini kwa uangalifu mkubwa. "Unamuua, dada. Unajua?"

"Najua."

"Kiumbe kisicho na kosa! Wewe, mtu wa maombi!" Sikuwahi kumsikia akinipigia kelele, hata utotoni. "Kwa nini?"

Kogo alikaza. Niliona kwamba sina tena mahali pa kurudi nyuma. "Mzee Yacoob akishamchukua," nilisema, "wewe unakwenda wapi?"

Alitazama kibao cha jina lake pale juu ya sanduku.

"Kipkoech. Unataka kufa?"

Neno likatoka. Nilingoja nyumba ianguke. Nje gari lilipita, mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, na ndugu yangu alitazama jikoni, kwenye bakuli.

"Maji yatapoa," alisema.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa nangoja ale tu." Sauti yake ilikuwa imerudi chini, ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kelele. "Fiona aliniambia nisimwache na njaa. Kitu cha mwisho alichosema chenye maana kilikuwa hicho. Nimechoka, dada. Nimechoka tangu siku ile. Nilitaka nimalize vizuri, bila kumwachia mtu mzigo."

"Na mimi?"

"Wewe una Mungu."

"Nina Mungu na nina ndugu mmoja. Usinipunguzie."

Aliketi sakafuni pale pale mlangoni, akafunika uso. Nilimrudisha Kogo kwenye kasha, nikalifunika kwa leso. Nilitaka kumwombea kwa sauti, lakini nilipofungua kinywa nikaona kwamba kuomba tu ndiko nilikojificha miezi yote hii. Nilichukua simu nikampigia Mama Lyse. Nikamwambia, nimemuuliza.

Alifika kwa teksi na kanga kiunoni. Alipita mbele ya kasha la kioo bila hata kuligeukia. Aliinama akamshika Kipkoech kwapani kama anayeinua mtoto.

"Kaka, simama. Tunaenda hospitali, sisi batatu. Kule iko madaktari ya hii kitu. Na usiniambie hauna koti, nimekuletea ya bwana yangu."

Alisimama. Sijui kama alisimama kwa kukubali au kwa kuchoka. Daktari mwanamke alizungumza naye peke yake zaidi ya saa moja, kisha akatuambia wanambakiza, na kwamba tulifanya vyema kumleta leo, si kesho. Hilo la kesho alilitilia mkazo. Sikumwuliza maana yake.

Nilimwacha Kogo peke yake siku tano. Sikuinua leso. Kila siku baada ya kazi nilikwenda wodini, na Kipkoech alinipokea, akanijibu, akageukia ukuta, hata nilipomwambia kwamba Alhamisi nitamlisha Kogo. Dawa, walisema, huchukua wiki kadhaa kushika. Vyakula vyake nilivikuta kwenye trei, vimefunikwa.

Alhamisi nililainisha panya wa mwisho. Nilipasha kichwa chake mwenyewe, nikapima kwa kidole, nikapasha tena. Nilimshika kwa koleo mbele ya sanduku, giza likianza kuingia dirishani. Muda mrefu hakuna kilichosogea. Kisha pua ikatoka, ulimi ukatoka, na mimi, ambaye nilikuwa nimeomba yote mawili, safari hii sikuomba lolote. Nilitikisa koleo kidogo, kama panya yuko hai.

Kishindo.

Bado alikuwa anammeza, taya zikitembea moja baada ya nyingine, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya wodi. Wagonjwa huruhusiwa kupiga simu jioni.

"Dada." Sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa. "Leo ni Alhamisi. Umempa?"

"Nimempa."

"Amekula?"

Mkia wa panya ulikuwa ungali nje ya kinywa cha Kogo. Ningeweza kusema hapana. Uongo ule ungetupa wiki mbili nyingine.

"Amekula," nilisema.

Nilisikia magurudumu ya kitoroli yakipita wodini, na mtu akikohoa, na pumzi ya ndugu yangu ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka. Nilibana simu sikioni nikizihesabu pumzi zile.

"Jael."

"Nipo."

"Usikate simu."

"Sikati."

Mkia ukaingia. Kogo akainua kichwa, akafungua kinywa wazi kama anayepiga miayo, akakifunga. Upande wa pili wa simu pumzi ziliendelea, nami nikaketi sakafuni gizani bila kuwasha taa, nikisikiliza.